Metaboli Yako Haijadedi, Ni Kiti Imekushika

Msee akifika 25 na kitambi ianze kuchungulia kwa tishati, utamskia kwa base akisema metaboli yake imededi, ati sasa yeye ni mzae. Zii buda. Hiyo story inaumiza vijana wengi, ju ukishaamini mwili umeisha, unaacha kujaribu.

Metaboli ni ile wera yote mwili hupiga kugeuza dishi kuwa nguvu: moyo kudunda, kupumua, kuweka joto, hadi kufikiria. Sehemu kubwa inafanyika hata ukiwa umejilaza kwa keja. Mwaka wa 2021, mtafiti Herman Pontzer na wenzake walitoa utafiti kwa jarida la Science. Walikuwa na data ya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoi wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Ukiondoa tofauti ya ukubwa wa mwili, kutoka miaka 20 hadi 60 moto ni ule ule. Kushuka kunaanza baada ya 60, tena chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Kwa hivyo ukiwa na 27, wewe na mathee wako wa 50 mko pale pale.

Kenye kimechange ni siku yako. Shuleni ulikuwa unaamshwa alfajiri, unakimbizwa, unateka maji, jioni ni boli hadi giza. Sai mathree inakuokota Donholm, inakutema tao, boda inamalizia hadi mlango wa ofisi. Hapo unakaa masaa nane, urudi keja ukae tena na simu. Hata wasee wa kuandika online hawatoki kwa nyumba.

Lakini kuna kitu wengi hukosea, hata macoach. Pontzer huyo huyo na wenzake walichunguza Wahadza, wawindaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kule Tanzania. Boy wa Kihadza anapiga mguu kama kilomita 11 kwa siku akisaka nyama na asali, na madame wanachimba mizizi kwa jua. Ungedhani wanachoma mara mbili ya msee wa ofisi Marekani. Matokeo ya 2012 yalionyesha zii: kwa siku nzima, ukizingatia ukubwa wa mwili, wanakaribiana. Wanadhani mwili ukitumia nguvu mob kutembea, unabana kwingine. Na bado, kwa Wahadza ugonjwa wa sukari na presha ni nadra sana.

Mi naona hapo ndio tunafaa kuchanuka. Usipige mguu ndio ufute chapo mbili. Hesabu haitawahi kubali. Piga mguu ju ya venye misuli inashughulikia sukari. Ukimanga, sukari inaingia kwa damu, kongosho inatoa insulini, na store kubwa ya kuipokea ni misuli. Misuli ikiwa inasonga, inavuta sukari hata bila kungoja insulini sana. Ikiwa imelala kwa kiti, sukari inabaki ikizunguka, kongosho inaongeza bidii, na ukiishi hivyo miaka mob, insulini inaanza kupuuzwa. Kwa hivyo ukitoka kwa kibanda lunch hour, usirudi kwa kiti mara moja. Zunguka dakika kumi, kumi na tano. Piga simu zako ukitembea. Jioni shukia stage moja kabla ya yako, kama njia ni safe.

Na jenga hiyo store. Kuna zile gym za mtaa, Kayole, Mathare, kila mahali, penye vyuma ni simiti imemwagwa kwa mikebe ya rangi na paipu katikati. Naziheshimu sana. Shirika la Afya Duniani linasema mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki, na simiti inatosha. Manzi anaogopa atafura kama mabaunsa? Haifanyikangi hivyo kwa siku mbili za wiki. Kama huna gym, piga pushapu kwa keja, ama panda ngazi na mtungi wa maji wa lita 20 kama wasee wa mtaa wa Pipeline wanavyofanya kila siku maji ikikatika.

Dishi sasa. Chapo madondo iko fiti, shida ni ratio. Mwambie mathee wa kibanda akuwekee chapo moja badala ya tatu, aongeze dondo na skuma, na anza na hiyo mboga na dondo kabla ya chapo. Sukari haitapanda kwa fujo. Omena, ndengu, githeri, mayai boilo ya pale kwa trolley ya smokie, hizo ndio marafiki wako, ju mwili unatumia nguvu mob zaidi kusaga protini kuliko kusaga wanga. Ugali ya unga wa posho mill isiyokobolewa inashinda ile nyeupe pe.

Soda ndio adui wa ukweli. Chupa ya cola ya nusu lita inabeba karibu gramu 53 za sukari, kama vijiko 13 vya chai. Hiyo peke yake inapita gramu 50, limit ya siku nzima kwa mtu mzima wa kawaida. Ongeza chai tatu za sukari tele na siku imeenda.

Zile chai za kupunguza zinauzwa online, wachana nazo. Nyingi zina sena, mmea wa kuharisha. Unapoteza maji na doo, mafuta inabaki.

Usingizi nao haubembelezwi. Ukilala masaa manne ju ya game ama mechi ya usiku, homoni ya ubao inapanda, ile ya kusema nimeshiba inashuka, na insulini inafanya kazi vibaya kesho yake. Ndio maana asubuhi unatamani ndazi na soda. Kahawa na enaji drinki wacha mapema mchana, ju baada ya masaa matano hivi nusu ya kafeini bado iko kwa damu.

Kama fathee ama mathee ana ugonjwa wa sukari, usingoje miaka 40. Ingia kliniki asubuhi kabla ya breko, upimwe sukari ya damu. Ikisoma 7.0 mmol/L ama zaidi, daktari atataka urudie kipimo. Ikisoma 6.1 hadi 6.9, bado mlango uko wazi: anza na ile kutembea ya lunch hour, leo.