Kurekebisha Picha Zilizobanwa au Kutanuliwa katika Diski za Kumbukumbu za Familia na Parokia

Familia nyingi za waamini hapa Mshangano, na kwingineko katika Jimbo Kuu la Songea, huhifadhi diski za DVD zenye kumbukumbu za ndoa, Komunyo ya Kwanza, Kipaimara, nadhiri za watawa, upadrisho, jubilei na mazishi. Nyingi kati ya diski hizo hazikutoka kiwandani; zilichomwa kwa kompyuta ya kawaida, nyumbani au kwa mpiga picha wa mtaani. Zinapochezwa kwenye televisheni mpya, mara nyingi watu huonekana warefu na wembamba kama milingoti, au wafupi na wanene, au picha nzima huwa ndogo katikati ya kioo, ikizungukwa na weusi pande zote nne. Wengi hudhani kwamba diski imeharibika na huiweka kando. Tunapenda kueleza kwamba mara nyingi picha yenyewe ni nzima; kilichokosewa ni maelezo ya umbo lake, na maelezo hayo yanaweza kusahihishwa.

Chanzo cha tatizo

Televisheni za zamani, zile za chogo, zilikuwa na kioo cha uwiano wa 4:3, yaani sehemu 4 za upana kwa sehemu 3 za kimo. Televisheni bapa za leo zina uwiano wa 16:9. Nchini mwetu badiliko hili lilikwenda sambamba na kuzimwa kwa mitambo ya analojia, zoezi lililoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012.

Diski ya DVD ilibuniwa katika miaka ya 1990, wakati televisheni za chogo zilipokuwa zimeenea majumbani. Katika mfumo wa PAL unaotumika kwetu, kila picha ya DVD huhifadhiwa kwa nukta 720 za upana na 576 za kimo, iwe ni picha ya 4:3 au ya 16:9. Picha pana haipewi nafasi ya ziada: hubanwa ubavuni ili iingie, kama vazi linavyokunjwa ili liingie sandukuni. Kisha diski huwekewa alama inayoiambia deki ikunjue picha hiyo kwa umbo gani. Alama ikiwa sahihi, mtazamaji hatambui lolote. Ikikosewa, nyuso za watu hupotoka.

Kuna kasoro tatu za kawaida. Kwanza, picha ya 16:9 iliyowekewa alama ya 4:3: watu huwa wembamba, kwa kuwa upana wao hubaki robo tatu tu ya ule wa kweli. Pili, picha ya 4:3 iliyowekewa alama ya 16:9: watu hutanuka kwa theluthi moja. Tatu, picha pana iliyowekwa ndani ya umbo la 4:3 pamoja na mistari myeusi juu na chini. Hapo ni mistari 432 tu kati ya 576 yenye picha, na televisheni pana huongeza weusi kushoto na kulia.

Tuanze na vifaa

Kabla ya kuilaumu diski, tucheze diski nyingine mbili au tatu. Zote zikipotoka, kosa liko kwenye deki au televisheni. Katika mipangilio ya deki tutafute sehemu inayouliza umbo la televisheni. Kwa televisheni bapa tuchague 16:9. Kisha tubonyeze kitufe cha rimoti kinachobadili ukubwa wa picha, tukiepuka chaguo linalovuta kila picha ijaze kioo.

Kipimo kizuri ni kitu chenye umbo la duara: saa ya ukutani, gurudumu la gari la maarusi, au Hostia inapoinuliwa na padre. Duara likionekana kama yai, umbo bado si sahihi.

Diski yenyewe ikiwa na kosa

Diski moja tu ikipotoka, tuifungue kwenye kompyuta kwa programu ya VLC. Kila tunapobonyeza herufi A, uwiano hubadilika. Duara likiwa duara kamili katika 16:9 au 4:3, tumejua alama iliyopaswa kuwekwa.

Diski ya DVD-R ikishachomwa haifutiki. Kwa hiyo tunakili folda yake ya VIDEO_TS kwenye kompyuta, tufanye kazi kwenye nakala, na diski ya awali tuitunze. Programu ya IfoEdit inaweza kubadili alama katika mafaili ya IFO bila kuigusa picha, hivyo ubora haupungui. Njia nyingine ni kuitengeneza diski upya kwa programu kama DVDStyler, tukichagua uwiano sahihi tangu mwanzo. Diski mpya ijaribiwe kwenye deki na televisheni, kwa maana kompyuta na deki huweza kusoma alama zilizo mahali tofauti.

Kasoro ile ya tatu haiponi kwa kubadili alama, kwa sababu weusi umekuwa sehemu ya picha. Dawa bora ni kurudi kwenye rekodi ya kamera na kutengeneza diski upya kwa 16:9. Rekodi hiyo isipokuwapo, tunaweza kukata weusi kwa programu ya kuhariri video, tukikubali kwamba picha itafifia kidogo.

Kuzuia ni bora

Tunawashauri wanaorekodi matukio ya parokia waweke kamera kwenye 16:9, washike simu kwa ubapa, na wachague 16:9 wanapotengeneza diski. Video iliyorekodiwa simu ikiwa wima iachiwe weusi pembeni, isivutwe. Rekodi ya awali isifutwe mara baada ya kuchoma diski. Inakiliwe kwenye flashi na kwenye diski kuu ya nje, kwa kuwa diski za kuchoma huharibiwa na joto, jua na mikwaruzo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwaalika waamini kuvitumia vyombo vya mawasiliano kwa manufaa ya watu. Kutunza kumbukumbu hizi ni sehemu ya wajibu huo. Katika familia nyingi, diski ya jubilei au ya harusi ndiyo pekee inayohifadhi mwendo na sauti ya mzazi aliyekwisha kutangulia. Wajukuu wasiomfahamu wanastahili kumwona alivyokuwa. Vijana wenye kompyuta katika jumuiya zetu wanaweza kuwafanyia wazee kazi hii kwa jioni moja. Tunawaomba waanze na diski zilizo kongwe zaidi.