Subira ya Mtoto Huanzia Kwenye Ahadi ya Mzazi

Kila unapoingia mwezi mtukufu wa Ramadhani, katika nyumba za Unguja, tangu Mji Mkongwe hadi mashamba, watoto wadogo huomba waamshwe daku ili nao wafunge. Yupo afikaye adhuhuri, yupo afikaye alasiri, na yupo astahamiliye mpaka adhana ya Magharibi. Hiyo ndiyo skuli yao ya kwanza ya subira.

Malezi haya yana asili. Bibi Rubayyi' bint Muawwidh (R.A.) amesimulia, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Maswahaba waliwafungisha watoto wao siku ya Ashura, wakawatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufu. Mtoto alipolilia chakula, alipewa mchezo ule hadi wakati wa kufuturu.

Karne nyingi baadaye, mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapima watoto wa chekechea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960: kitu kitamu kimoja sasa, au viwili kwa atakayengoja. Aliona kuwa watoto hungoja zaidi kitu kile kinapofichwa, au wanaposhughulishwa na mawazo mengine ya kufurahisha.

Lakini mtoto hungoja kwa kumwamini nani? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, uliwahusu watoto 28 walioahidiwa vifaa bora vya kuchorea. Nusu yao walitimiziwa ahadi. Nusu waliambiwa kuwa vifaa havipo. Walipopewa mtihani wa kitu kitamu, waliotimiziwa walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa, dakika 3 tu. Basi mtoto asiyesubiri si lazima awe mlafi. Huenda amekwisha kujua kwamba kauli ya wakubwa haitegemewi.

Tujitazame sisi wazazi. Sikukuu inapofika, mtoto hukusanya mkono wa Idi, na kabla hajatoka kwenda Mnazi Mmoja huambiwa, "Lete nikuwekee." Fedha ile ikiishia kwenye kitoweo isirudi tena, mwakani ataimaliza yote siku ya kwanza, nasi tutamwita mfujaji.

Abu Daud amepokea kwa Abdullah bin Amir (R.A.) kwamba mama yake alimwita utotoni aje ampe kitu. Mtume (S.A.W.) akamuuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu: tende. Akamwambia kuwa lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo.

Kwa hiyo tuahidi machache, tuyatajie siku, na tuyatimize. Fedha ya mtoto ikae katika kibubu chake anachokiona. Tukishindwa kutimiza, tumweleze udhuru waziwazi, wala tusitegemee kuwa atasahau. Subira huvuta heri, na mtoto huiamini heri hiyo anapoiona ikifika.

Allah (S.W.) atujaalie tuwe wakweli mbele ya watoto wetu. Amin.