Hofu ya siasa, nguvu ya sarafu zaamua safari ya mitaji

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa Mchafukoge, Dar es Salaam, anayeagiza vitambaa kutoka China na mwekezaji wa kigeni anayeleta mtaji nchini huulizana swali moja: Shilingi itakuwa na thamani gani siku ya malipo?

Desemba 2024, dola moja ya Marekani iliuzwa kwa kiasi cha Sh2,400. Kufikia Mei 2025 ilikaribia Sh2,700.

Kwa viwango hivyo, shehena ya dola 20,000 iliyohitaji Sh48 milioni ilipanda hadi Sh54 milioni, kabla ya ushuru wa forodha, ambao nao hukokotolewa kwa shilingi kutokana na thamani ya mzigo.

Kwa mwekezaji, dola 100,000 zilizobadilishwa Desemba zilimpa Sh240 milioni. Hata kama angepata faida ya asilimia 10 na kufikisha Sh264 milioni, angeondoka Mei na dola 97,800 hivi. Faida ya shilingi ingekuwa hasara ya dola.

Ndiyo maana wenye mitaji hupima mambo mawili kwa pamoja: nguvu ya sarafu na utulivu wa siasa. Kenya ni mfano wa karibu.

Januari 2024, dola ilifikia takriban shilingi 160 za Kenya, wawekezaji wakihofu kuwa nchi hiyo ingeshindwa kulipa hati fungani ya dola bilioni mbili iliyoiva Juni. Februari, Serikali iliuza hati mpya ya dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu ya deni hilo. Hofu ilipungua na dola ikashuka hadi kiasi cha shilingi 130.

Hata hivyo, Juni mwaka huo vijana waliandamana kupinga Muswada wa Fedha na Rais William Ruto akauondoa. Julai, kampuni ya Moody's iliishusha Kenya daraja la uwezo wa kulipa madeni, ingawa sarafu yake haikuyumba sana. Shilingi imara pekee haikutosha.

Tanzania nayo ilipata mtihani wake. Ghasia za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, amri ya kutotoka nje usiku Dar es Salaam na kuzimwa kwa intaneti vilisimamisha biashara kwa siku kadhaa, wakati shilingi ilikuwa imepata nguvu kuliko Mei.

Tofauti ipo katika uwezo wa kukwepa hasara. Mwenye hati fungani anaweza kuiuza na kuhamia nchi nyingine. Mwenye duka Mchafukoge au Kariakoo, aliyekwisha kulipa kodi ya pango na mzigo ukiwa baharini, hana pa kuhamia.