Namna ya kumcheza mfalme Mwanga

Siku ya 3 Juni ikikaribia, parokia nyingi hutayarisha mchezo wa kuimba juu ya mashahidi wa Uganda. Kijana wa kucheza Karoli Lwanga hupatikana upesi, na wa kucheza Kizito vilevile. Kazi ni kumpata Mwanga. Anayekubali, mara nyingi hukunja uso na kupiga kelele. Watoto wanacheka, basi. Mchezo wa namna hiyo haufundishi kitu. Tueleze hapa namna ya kumtayarisha kijana huyo.

1. Kwanza sherti ajue habari zenyewe. Mwanga alitawala tangu 1884, hajatimiza miaka 20. Alipokuwa mwana wa mfalme tu, alipenda kuwatembelea wamisionari. Mapadri Weupe walikuwa wameondoka Buganda mwaka 1882. Ni yeye aliyewaita tena, wakarudi 1885. Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa, mkubwa wa wapiga ngoma wake, mzaliwa wa Bunyoro ng'ambo ya ziwa letu la Albert, walimfunulia shauri la watu waliotaka kumwondoa. Kwa hiyo aliowaua hawakuwa wageni kwake. Walikuwa rafiki zake.

2. Kisha atafute mahali njia zilipoachana. Mwanga aliogopa Wazungu waliokuwa wakichukua nchi za pwani, akaogopa na wakubwa wa baraza lake. Askofu Hannington wa Waanglikana aliuawa kwa amri yake mnamo Oktoba 1885. Mukasa alimkaripia, naye akauawa tarehe 15 Novemba. Lakini kabla ya kufa alimpelekea mfalme neno la kumsamehe na la kumwonya atubu. Vijana wa jumba nao walikataa kumfuata katika mambo machafu. Hata hivyo, toka Novemba mpaka Mei 1886 ilipita miezi sita. Katika miezi hiyo Mwanga aliweza kurudi nyuma. Hapo ndipo mchezaji atumie nguvu yake yote. Aimbe polepole, ngoma inyamaze, watu waone neno la Mukasa linamfikia, naye analisukuma. Waseminari wamejifunza kwamba kishawishi si dhambi bado, dhambi ni kukubali; na kwamba hofu hupunguza hiari ya mtu, lakini haiiondoi yote. Mafundisho hayo yaonekane katika uso wa mchezaji.

3. Asimfanye shetani, wala asimfanye mtoto wa kuhurumiwa tu. Hapa Bule jambo hili si la mchezo. Usiku wa 1 kuamkia 2 Februari 2022, katika kambi ya Plaine Savo, karibu nasi, waliuawa watu wapatao 60 waliokuwa wamekimbia vita. Wanaowalilia hao watakaa mbele ya wachezaji. Wakimwona Mwanga mwenye pembe, watasema: wauaji ni viumbe wa namna nyingine, hayanihusu. Wakimwona anayesamehewa pasipo kuulizwa kitu, watasema: basi damu ya watu wetu ni bure. Wamwone mtu aliyeweza kukataa, asikatae. Na kijana anayesikiliza, ambaye pengine kesho ataitwa kushika panga, ajue kwamba anaweza kusema hapana.

4. Mchezo usiishe katika moto wa Namugongo. Mwaka 1888 Mwanga alifukuzwa, akakimbilia kusini mwa ziwa, na huko Bukumbi Mapadri Weupe walewale walimpokea. Alikula mezani pa watu ambao aliwachoma wanafunzi wao. Mwaka 1889 alirudishwa katika ufalme kwa msaada wa wakristu. Baadaye Waingereza walimpeleka Seychelles, akabatizwa na Waanglikana kwa jina la Danieli, akafa huko 1903. Wimbo mmoja juu ya meza ya Bukumbi utafaa kuliko mahubiri marefu.

5. Mwisho, tumchunge mchezaji mwenyewe. Tusimpe kazi hii kijana aliyepoteza wake juzi, wala yule anayetajwa vibaya kijijini. Watu wasimwite Mwanga baada ya sikukuu. Mchezo ukiisha, avue nguo za mfalme mbele ya wote, asimame katikati ya wale waliocheza mashahidi, na waimbe pamoja Baba Yetu. Hivyo kila mtu atajua kwamba amerudi kuwa ndugu yao.