Urefu wa Kasiba, Masikio ya Nguruwe

Mlio ulitoka upande wa mto, saa sita kasorobo usiku. Ulikuwa mkavu na mfupi, kama mtu kavunja kijiti kwenye goti. Tulikuwa juu ya dungu, mimi na mjomba, katika bonde la mpunga huku Mahurunga, na mimi nilijikuta nimelala kifudifudi juu ya fito kabla sijajua nafanya nini. Nakaa Ufukoni, mjini Mtwara, ambako usiku tunasikia bodaboda na mawimbi. Huku mpakani mlio wa bunduki una habari yake. Oktoba 2020 wavamizi kutoka upande wa Msumbiji walivuka Ruvuma wakakishambulia kijiji cha Kitaya, na tangu hapo kila "ta!" ya usiku ni lazima asubuhi ipatiwe mwenyewe.

Mjomba hakulala. Aligeuza kichwa, sikio la kulia likaelekea mtoni, akatulia.

"Ndogo hiyo," akasema. "Tena ndefu. Kaa kitako, mpwa wangu, si vita."

Kwamba ni ndogo, hata mimi ningekisia baada ya moyo kutulia. Kwamba ni ndefu ndiko kulikonishinda. Mtu anausikiaje urefu wa bunduki gizani?

Mjomba ana miaka sabini na kitu, na darasa lake lilikuwa mto huuhuu. Frelimo walianza vita Septemba 1964 kule Chai, Cabo Delgado, na mpaka Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975 kingo hizi zilikuwa mlango wa vita. Vijana wa vijiji vya mpakani waliingizwa mgambo, na mgambo walifundishwa silaha mbili ambazo Watanzania mpaka leo tunaziita kwa herufi: SAR na SMG. SAR ni ile bunduki ya Kirusi iitwayo SKS kwao. SMG ni AK-47. Zote mbili zinakula risasi moja, ya milimita 7.62, ganda lilelile na baruti ileile. Tofauti kubwa iko kwenye kasiba, yaani lile bomba la chuma ambalo wengi siku hizi tunaliita mtutu. La SAR lina sentimita 52, la SMG 41 na nusu.

Sasa tazama hesabu. Risasi ya SMG hutoka kwa mwendo wa mita 715 kwa sekunde, ya SAR mita 735. Sentimita kumi na nusu za chuma zimenunua mita 20 tu. Lakini ukimuuliza mjomba atakwambia ni bunduki mbili mbalimbali kabisa masikioni: "SMG inakufokea usoni. SAR inasemea mbele."

Maneno hayo yana fizikia ndani yake. Baruti ikiwaka hugeuka gesi ya moto, na gesi hiyo haina pa kwenda ila kuisukuma risasi mbele. Kadiri risasi inavyokwenda, ndivyo nafasi nyuma yake inavyopanuka na gesi inavyolegea. Risasi ikitoka mdomoni, gesi iliyobaki hutoka nayo, na mlio wa bunduki kwa sehemu kubwa ndiyo hiyo gesi iliyobaki, ikipasua hewa ya nje kwa shinikizo ambalo halijatumika. Tairi la baiskeli lililojaa likipasuka, mtaa mzima unageuka. Ukilitoa upepo kwa kubonyeza valvu, unasikia wewe na baiskeli yako. Upepo ni uleule. Kasiba fupi ni tairi linalopasuka.

Kwa hiyo kelele ni nguvu iliyokosa kazi ya kufanya ndani ya chuma ikaenda kuifanya nje. Na hapo ndipo bunduki ndogo ya .22, ile ambayo mjomba aliisikia, inapokuwa na tabia ya ajabu kuliko hizo za vita.

Risasi yake, ile wanayoiita Long Rifle, ilitolewa na kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887 na haijabadilika sana mpaka leo. Haina fataki katikati ya kitako kama risasi nyingine. Dawa ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo popote inapoangukia. Ili ukingo upondeke, bati la ganda lazima liwe jembamba. Na bati likiwa jembamba, huwezi kulijaza baruti ya kiburi. Ndiyo maana ndani yake mna kama sehemu moja ya kumi ya gramu ya baruti, basi, na mbele yake kipande cha risasi cha gramu mbili na nusu hivi.

Baruti chache kiasi hicho humaliza kazi mapema. Shinikizo hupanda hadi kufikia mara 1,600 ya hewa tunayovuta, risasi ikiwa bado haijasogea mbali, kisha linaanguka haraka. Gesi iliyoanzia kwenye nafasi ya matone machache ya maji, risasi ikifika sentimita 40 imekwishatandazwa kwenye sentimita 10 za ujazo. Imechoka. Watu wenye subira wamewahi kuchukua kasiba wakaikata inchi moja baada ya moja huku wakipima mwendo, na jibu hujirudia: kwa bastola ya sentimita 10, risasi ya .22 yenye kasi hutoka kwa takribani mita 290 kwa sekunde. Kwa sentimita 40 na kitu hufika mita 360 au 370. Kuanzia hapo haiongezi kitu cha maana. Ukiipa kasiba ya sentimita 60, mara nyingine inapungua mita kadhaa, kwa sababu msuguano wa chuma unakula kuliko gesi inavyolisha.

Mlio, lakini, haujali kwamba mwendo umegoma. Unaendelea kushuka. Kila sentimita ya ziada inailegeza gesi zaidi kabla ya kutoka, mpaka kwenye kasiba ndefu mdomo unatoa "pu" ya kitoto. Urefu uleule ambao hauongezi kasi unapunguza sauti. Mnunuzi anayedhani amelipia nguvu, kumbe amelipia ukimya.

Ila mjomba alisikia "ta!", tena kali. Hiyo haikutoka mdomoni mwa bunduki. Ni risasi yenyewe hewani.

Kitu kikienda kasi kuliko sauti hupasua hewa kama mjeledi, njia yote kinayopita, na mpasuko huo hakuna kasiba inayoweza kuuzuia, fupi au ndefu. Hata kile kiwambo cha kuzuia sauti tunachokiona kwenye sinema hakiugusi. Mwendo wa sauti nao haukai mahali pamoja, unafuata joto. Kwenye nyuzi sifuri za baridi ya Ulaya ni mita 331 kwa sekunde. Mchana wa Mtwara wenye nyuzi 30 ni mita 349. Usiku ule wa Mei dunguni, nadhani tulikuwa kwenye nyuzi 23 hivi, yaani mita 345. Chukua risasi inayotoka kwa mita 345 barabara: mchana kule Ufukoni ingepita kimya, lakini ipandishe Newala alfajiri ya Julai, kwenye nyuzi 17 na sauti inayokwenda mita 341, ingepiga mjeledi. Risasi moja, mkoa mmoja, milio miwili. Nilipomweleza mjomba alicheka, akasema baridi ya Newala hata ng'ombe inampigisha kelele.

Basi usiku ule alikuwa amesikia mjeledi mkali, ambao ni ishara ya risasi ya .22 ya aina yenye kasi, na nyuma yake mdomo wa bunduki uliokuwa karibu bubu. Bastola au kasiba iliyokatwa ingetoa kishindo kizito cha gesi. Hakukuwa na kishindo. Kwa hiyo ndogo, na ndefu. Na kwa kuwa mjeledi husikika kutoka njia ya risasi na si kutoka kwa mpigaji, mimi niliapa kwamba mtu yuko mikokoni. Mjomba alinyoosha kidole kushoto kabisa, kwenye mashamba ya jirani. Asubuhi ikaonekana yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Zamani nisingekuwa na haja ya somo hili, maana bunduki ya huku ilijitangaza. Babu, baba yake mjomba, alikuwa na gobore, ambalo lilisalimishwa polisi kabla sijazaliwa. Linashindiliwa kwa mdomo: baruti, kitambaa, marisau, halafu mdeki. Ukoo wa gobore ulitoka mbali. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kushindiliwa nyuma, kuanzia miaka ya 1860, makorofindo yao ya zamani yalishushwa Unguja kwa maelfu, yakateremka na misafara mpaka Mikindani na bara. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakapiga marufuku silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba. Mwafrika aruhusiwe moshi, wao wabaki na shabaha. Sijaona namna nyingine ya kuusoma mkataba ule.

Bunduki hizo zilikuwa ndefu kweli. Ile ya Kiingereza iliyosambaa kuliko zote ilikuwa na kasiba ya sentimita 99. Baruti nyeusi hugeuka gesi chini ya nusu ya uzito wake, kinachobaki ni moshi na masizi, kwa hiyo iliihitaji nafasi kuliko .22 inavyoihitaji. Lakini sababu nyingine ya urefu haikuhusu risasi kabisa: askari wa mstari wa nyuma alipaswa kupitisha mdomo mbele ya uso wa mwenzake, na singe iliyofungwa mwishoni ilipaswa kumfikia farasi. Wazee wetu walirithi urefu wa vita vya farasi kwa ajili ya kuwinda kwenye vichaka vya Makonde, ambamo kasiba ya mita nzima hunasa kila tawi.

Na gobore lilipolia, lililia. Kasiba pana, baruti nyingi, "buuum" inayotembea juu ya maji ya lango la Ruvuma mpaka ng'ambo, hasa alfajiri, hewa ya baridi inapolala juu ya mto na kuirudisha sauti chini badala ya kuiacha ipande.

Sikio la kushoto la mjomba halisikii vizuri. Ndiyo maana huligeuza la kulia. Mtu anayepiga kwa bega la kulia, shavu lake na kitako cha bunduki hulikinga sikio la kulia kidogo, la kushoto linabaki limeelekea mdomo wa kasiba. Wataalamu wa masikio huweka mpaka wa hatari ya mlio wa ghafla kwenye desibeli 140, bunduki ya .22 huzunguka hapohapo, na silaha za vita huuvuka mpaka huo mbali. Mgambo hawakupewa vya kuziba masikio.

Asubuhi tulikwenda kwa jirani. Ana rifle ya .22, na kibali chake, kinachotakiwa na sheria ya silaha ya 2015, anakitoa mfukoni kabla hujamuuliza. Kasiba nzuri, imepakwa mafuta, ndefu kama alivyosema mjomba. Alikuwa amesimama katikati ya majaruba yake, nyayo za nguruwe zimezunguka pande zote, mpunga umelazwa.

"Nilimpiga," alisema. "Nadhani nilimpiga. Hawakukimbia hata."

Gramu mbili na nusu za risasi kwa nguruwe pori aliyenenepa ni kama kumtupia kokwa la embe. Wala wenzake hawakupata cha kuogopa: "ta!" moja, mbali, upande usiojulikana, kisha kimya. Wanaonunua bunduki Ulaya huulizia iliyo kimya. Mlinzi wa mpunga Mahurunga anataka kelele tupu, na risasi si lazima hata iwepo.

Jirani akatuuliza tumelindaje wetu. Mjomba hakujibu. Alirudi dunguni akalishusha debe la mafuta ya kula, limebonyea pande zote nne, na rungu lake limefungwa kwa kamba, akamkabidhi.

"Mpaka Jumatano," akamwambia. "Nalihitaji."