Upanga Uliozaliwa Ukiwa Naginata

Ukikabidhiwa upanga wa Kijapani wenye umbo la ajabu, usianze na makali. Mpini wake hushikizwa kwa kijiti cha mwanzi. Kitoe, uvue mpini, kisha utazame nakago, yaani chuma kilichofichwa ndani yake. Hapo ndipo mhunzi alipochonga sahihi yake, na kutu ya hapo ni shahidi wa umri: kongwe huwa nyeusi na laini, changa huwa nyekundu. Anayeisugua ing'ae anafuta ushahidi ambao hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Tuseme nakago ina tundu zaidi ya moja na haina sahihi. Huenda upanga huo ulikatwa ukafupishwa. Sasa panda kwenye ubapa. Upanga wa kawaida una mstari unaotenga ncha na sehemu nyingine, huu hauna. Karibu na mpini kuna mfereji mfupi, mpana, na mgongo umepunguzwa unene kuelekea nchani. Tazama pia ule weupe wa chuma kigumu unaofuata makali: badala ya kupinda nchani na kurudi mgongoni, unaishia ukingoni, kwa sababu mgongo wa awali ulichongwa ukaondolewa.

Dalili hizi zikikutana, mbele yako kuna naginata-naoshi, yaani naginata iliyogeuzwa kuwa upanga. Naginata ilikuwa silaha ya mpini mrefu, yenye ncha pana iliyopinda, ikitumiwa na askari na watawa wa mahekalu. Inahitaji nafasi ya kuzungushwa. Karne ya 16 vita vikawa vya safu nene za mikuki, na bunduki zikaingia Japani kupitia kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543. Chuma kizuri hakikutupwa. Kilikatwa kikavaliwa kiunoni. Wapo wanaoziona panga hizi kuwa zimeharibiwa. Sikubaliani nao hata kidogo: kukatwa huko ndiko kulikoziokoa nyingi.

Mfano mashuhuri ni Honebami Tōshirō, unaohesabiwa kuwa kazi ya Yoshimitsu wa Awataguchi, Kyoto, karne ya 13. Ulimilikiwa na mtawala Toyotomi Hideyoshi, kisha ukoo wa watawala wa Tokugawa, na leo ni mali ya hekalu la Toyokuni, Kyoto. Moto mkubwa wa Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1657 uliulainisha, ikabidi upashwe moto na kuchovywa majini upya. Kwa hiyo weupe unaoonekana kwenye makali yake leo si wa mkono wa Yoshimitsu.