Mbabe wa Mpakani Anahitaji Mtu Asiyehama

Malori yanapojipanga Malaba yakingoja kuvuka kwenda Uganda, watoto hupita kandokando yake wakiwauzia madereva mayai ya kuchemsha na njugu. Penye biashara ya wadogo hakosekani mkubwa wa kuwatoza: mvulana wa miaka 14 hivi, ndiye anayeamua nani auze upande upi, na jioni hudai chake. Shuleni huyo ni mwonevu, na wengi bado wanaamini dawa yake ni kiboko, ingawa adhabu hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaikataza tena. Mimi nashikilia kwamba kijana wa namna hii hubadilika akipata mtu mzima mmoja wa kumpenda na kumwongoza, mradi mtu huyo adumu.

Huko kudumu ndiko kugumu. Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 1995 uliwafuatilia vijana 959 walioomba walezi wa kujitolea kupitia Big Brothers Big Sisters. Karibu nusu wakapewa, waliosalia wakangoja. Baada ya mwaka mmoja na nusu, uwezekano wa waliopewa mlezi kumpiga mtu ulikuwa umepungua kwa karibu theluthi moja, na walezi hao hawakuwa wakihubiri dhidi ya ngumi. Walitembea nao na kupiga gumzo tu. Lakini watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walipozichambua upya takwimu hizo mwaka 2002, waliona faida kubwa iko kwa uhusiano wa mwaka mzima au zaidi. Walioachwa kabla ya miezi mitatu walijiona duni kuliko mwanzo. Basi mgeni wa heshima anayetoa nasaha gwarideni, akapigwa picha akaenda zake, hana la kubadilisha. Na mradi wa muhula mmoja unaweza hata kudhuru.

Mtu atasema Marekani si Malaba. Haya, tutazame Monrovia, Liberia, ambako wanaume 999 walioishi kwa wizi na vurugu waliingizwa katika jaribio. Baadhi walipewa mafunzo ya wiki nane ya kudhibiti hasira na kujenga sura mpya ya nafsi, wakiongozwa na watu waliowahi kupitia maisha hayo hayo. Wengine waliongezewa dola 200. Miaka kumi baadaye, waliopata vyote viwili walikuwa wamepunguza uhalifu na fujo kwa takriban nusu. Mafunzo bila fedha yalififia. Kijana wa Malaba naye anakula kwa ubabe wake, kwa hiyo anayempenda hana budi kumfungulia mlango mwingine wa riziki. Wenye magendo wanalijua hili siku nyingi: wa njia za panya humwona jasiri, humwita kwa jina, na kumlipa siku hiyo hiyo. Ni ulezi, wa kupotosha. Afisa wa forodha huhamishwa na dereva hupita; wasiohama ni fundi wa pikipiki, mama wa mitumba, na mwenyekiti wa steji ya boda boda, kazi iliyoanzia mpaka jirani wa Busia kwa baiskeli. Hao ndio shule ingewatafuta.

Mzazi wa aliyenyang'anywa atauliza kwa nini mkorofi aenziwe huku mwanawe akilia. Ana haki. Tangu 1983, mpango wa Dan Olweus wa kuzuia uonevu shuleni kule Norwei umeunganisha ukarimu wa watu wazima na mipaka isiyolegea, na kipigo hakimo. Aliyeonewa alindwe kwanza. Fundi amfundishe kijana kushika spana, na humo humo amdai arudishe alichotwaa. Na kwa kuwa wapo watu wazima wanaovizia watoto kwa jina la malezi, kazi hiyo ifanyike karakana ya wazi, mchana, mzazi akijua, na mwalimu wa ushauri awe anapita bila kutoa taarifa.